Kadi ya chanjo na wiki saba

Maswali ya wasomaji. Mwezi huu barua moja imechukua karibu ukurasa wote, nami nimeiachia. Majina nimeyaondoa.

*Shikamoo Mama. Nina miaka 46, nauza nyanya na vitunguu sokoni Busia, upande wetu wa Uganda. Kaka yangu alifiwa na mkewe mtoto wao akiwa na miaka minne, nikamchukua mtoto nikamlea. Darasa la saba, P7, alipita vizuri, sekondari ikamshinda. Akaanza kutafuna mairungi na madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka, ikaja bangi, mwisho ikawa hata usiku halali, anaongea na ukuta. Nilimpeleka kuombewa mara mbili. Hospitali sikumpeleka.*

*Miezi mitano iliyopita alimchoma kisu kijana wa jirani yangu, ugomvi wa simu. Kijana alikata roho kwenye boda kabla ya kufika hospitali. Mama yake tunauza naye bega kwa bega, yeye mukene (dagaa), mimi nyanya, mwaka wa kumi na moja huu. Watu waliichoma nyumba ya kaka. Mtoto yuko rumande.*

*Sasa mjomba wake amesikia kwamba aliye chini ya miaka 18 hafungwi zaidi ya miaka mitatu. Amempata mtu wa kutengeneza kadi ya ubatizo inayompunguzia mtoto mwaka mmoja, na wanataka mimi niape kwa kuwa ndiye niliyemlea. Lakini kadi yake ya chanjo ninayo, nimeifunga kwenye kavera (mfuko wa plastiki) chini ya godoro. Kwa kadi hiyo, siku ya tukio alikuwa na miaka 18 na wiki saba. Nikiapa, nimemdanganya Mungu. Nisipoapa, nimemzika mtoto niliyemlea. Rumande sijaenda kumwona. Mezani kwangu pia sijarudi, siku hizi natandika upande wa pili wa soko. Nifanye nini?*

*Shangazi mtu, Busia*

Marahaba, mwanangu. Usiape. Nimelitanguliza hilo ili usilitafute hadi mwisho wa ukurasa.

Mjomba mtu hakudanganywa kuhusu sheria. Sheria ya Watoto, iliyoanza kutumika mwaka 1997, inamhesabu mtoto kuwa mtu aliye chini ya miaka 18. Aliye chini ya miaka 12 hashtakiwi. Na mtoto aliyeua hanyongwi wala hafungwi maisha: upeo ni miaka mitatu, na kituo cha taifa cha kuwapokea ni Kampiringisa, kule Mpigi, kwenye barabara ya Masaka. Aliyevuka 18 anasimama Mahakama Kuu kama mimi na wewe, kwa kosa ambalo adhabu yake ya juu mpaka leo ni kifo. Kwa hiyo baina ya mwanao na ile miaka mitatu pana wiki saba tu.

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii miaka 27, na mstari huo haujawahi kuacha kuniuma. Nimewaona wavulana wawili waliotoka mtaa mmoja, wakavuta bangi moja, wakapigwa na baba wa aina moja. Mmoja akapandishwa gari la kwenda kwa watoto, mwenzake akapelekwa kwa wakubwa, wamepishana miezi. Hakuna anayelala mtoto akaamka mtu mzima. Ukiniambia wiki saba hizo ni dhuluma, sitabishana nawe.

Ila dhuluma hiyo iseme wazi, mbele ya jaji, kupitia kwa wakili. Usiizunguke kwa kadi ya kughushi. Fikiria kadi ile itapita wapi. Daktari anayempima mshtakiwa kwa niaba ya polisi anaandika umri anaoukadiria, na meno anayatazama. Shule ina daftari. Mtihani wa P7 una kumbukumbu zake. Na jirani yako, mama wa marehemu, aliyekuona ukimbeba mtoto huyo, naye anaweza kuitwa. Ikibainika kwamba umeapa uongo, utashtakiwa wewe, na hilo ndilo dogo. Kubwa ni kwamba kila neno la kweli ulilokuwa nalo, la ukuta, la usiku bila usingizi, la mama aliyekufa mtoto akiwa na miaka minne, halitasikika tena. Jaji atakuwa ameshakujua kuwa ni shangazi anayedanganya.

Sikuambii uikimbize kadi polisi. Mpe wakili, umweleze ulipoitoa. Ukiulizwa umri, taja ule ulio kwenye kadi. Na kabla kaka yako hajauza shamba kwa ajili ya wakili, ajue kwamba Katiba yetu inaipa serikali wajibu wa kumlipia wakili mtu anayekabiliwa na kosa la kifo au kifungo cha maisha. Wakili huyo ana kesi nyingi na ana haraka. Mfuateni, mpelekeeni habari za maisha ya mtoto mkononi, msingoje awatafute.

Huko nyuma jaji hakuwa na pa kuiweka habari hiyo. Ukipatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia, hukumu ilikuwa kunyongwa, basi. Susan Kigula na wenzake 417 waliokuwa wakingoja kitanzi ndio walioipeleka hoja hiyo mahakamani, na Januari 2009 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba jaji asilazimishwe: asikilize kwanza mtu huyu ni nani na lilitokeaje, ndipo apime. Tangu hapo ujana wa mshtakiwa unapimwa. Maradhi yanapimwa. Siku za rumande zinatolewa kwenye kifungo. Mwombeni wakili adai mtoto aonwe na daktari wa akili, maana mtu anayeongea na ukuta miezi mingi si wa kupimwa kwa dakika tano kituoni. Ikiwa kweli hakuwa na akili zake siku ile, sheria ina njia nyingine kwa mtu wa namna hiyo, ingawa nayo si mlango wa kurudi nyumbani kesho. Ikiwa ni ulevi wa kujitakia, haitahesabiwa kama wazimu. Mwachieni daktari aseme, msimfundishe mtoto cha kujibu.

Na wewe useme yako yote. Useme na lile kwamba ulimpeleka kuombewa mara mbili, hospitali hukumpeleka. Litakuuma kulitoa mbele za watu. Litoe hivyo hivyo.

Sasa nikueleze jambo lililonipata, kwa sababu barua yako imelifufua.

Kazi yetu moja ilikuwa kuandika taarifa ya maisha ya mtoto aliyeshtakiwa, ili mahakama ijue ametoka wapi. Mwaka mmoja niliandikia mvulana wa miaka 15 aliyemuua mwenzake kwa jembe. Niliiandika kwa moyo. Nilikwenda kijijini kwao mara tatu, nikakaa na bibi yake, nikaonyeshwa stoo aliyokuwa akifungiwa. Kurasa nne. Nilitaka yeyote atakayesoma ashindwe kumchukia mtoto yule, na naamini nilifaulu. Siku ya kusomwa, mkalimani alikuwa akimgeuzia mama wa marehemu neno kwa neno. Tulipomaliza mama akanyoosha mkono. Akauliza, mwanangu ameandikwa wapi? Nikapekua. Alikuwa ameandikwa kwenye mstari mmoja, ukurasa wa kwanza, na jina lake nilikuwa nimelikosea. Mama akasema: “Huyu mnamjua mpaka alikolala. Wangu hakuwa na utoto?”

Hakupiga kelele. Alikuwa ameshika kitambaa cha kichwa mikononi, anakikunja na kukikunjua. Nilikosa la kumjibu, na mpaka leo sijalipata.

Kila neno nililomwandikia mvulana yule lilikuwa kweli, na ningeliandika tena. Lakini tangu siku hiyo sikuandika taarifa ya namna hiyo bila kwanza kwenda nyumbani kwa marehemu, nikauliza alikuwa akipenda nini, akicheka vipi, nani anachota maji yake sasa. Niliona kwamba ukimhurumia mtoto aliyeua bila kumtazama aliyekufa, huruma yako inaishia njiani. Inabaki kuwa upande tu, kama upande wa mpira. Na mtoto mwenyewe anajua. Yule wa jembe aliniambia baadaye, tukiwa tumekaa chini ya mwembe wa kituo, kwamba kila aliyekuja kumwona alimwuliza habari za baba yake, na hakuna aliyemwuliza habari za rafiki yake. Alikuwa akingoja aulizwe.

Kwa hiyo nenda rumande. Nenda wiki hii. Hutakuwa umemsaliti marehemu kwa kumpelekea mtoto sabuni na sukari. Hujamwona miezi mitano kwa sababu unaogopa ukimwona utamhurumia, na ukimhurumia utaapa. Hayo mawili hayafungamani. Mpelekee sabuni, na umwambie kwa kinywa chako kwamba hutaapa. Atakasirika, pengine atakataa kukuona mara ya pili. Rudi mara ya tatu. Usimwambie yatakwisha. Mwache amtaje kijana aliyemuua, na akisema “yule”, mwulize jina.

Limebaki la jirani yako, na hili ndilo gumu kuliko mahakama.

Usiende peke yako. Nyumba imechomwa, hasira bado iko. Nenda na mzee anayeheshimiwa pande zote mbili, na mwenyekiti wa kijiji, wa LC1, ajue. Usiende na bahasha. Kesi ya mauaji ni ya serikali, jirani yako hana uwezo wa kuifuta, na fedha yoyote sasa hivi itanuka. Mambo ya ushahidi msiyaguse, maana nyote wawili mnaweza kuitwa. Na msamaha usiuombe. Sisi tuliolelewa Bombo katika Uislamu tunafundishwa kwamba anayeweza kusamehe damu ni wenye maiti, hata kadhi hawezi kuwasamehea. Ukimwomba sasa, unamtwika mzigo wa pili kabla hajatua wa kwanza.

Mwambie sentensi moja: mtoto niliyemlea amemuua mwanao. Usiongeze “lakini”. Usiongeze mairungi wala mama aliyekufa, hayo ni ya jaji. Halafu nyamaza, hata akinyamaza naye nusu saa. Akikufukuza, ondoka kwa adabu. Na ile meza yako usirudi kuitandika mpaka yeye akubali. Mwulize kupitia kwa mzee kama anaweza kustahimili kukuona hapo. Akisema hawezi, uza nyanya zako upande wa pili mwaka mzima, miwili, hiyo ndiyo sehemu yako ya deni.

*Mama, nilikuwa jeshini, sasa nimestaafu niko Gulu. Hapa kwetu tuna vijana waliotekwa na waasi wa LRA wakiwa watoto, wakalazimishwa kuua, wakarudi. Wengine wameshafanyiwa mato oput, mila yetu ya Kiacholi ya kupatanisha, na wanaishi na watu. Mimi nasema mtoto aliyeharibiwa na wakubwa asipelekwe mahakamani kabisa, mila inatosha. Unasemaje?*

*Mstaafu, Gulu*

Afande, kwa wale waliotekwa wakaua wakiwa bado watoto, tuko pamoja. Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 iliwafungulia wengi njia ya kurudi, na kazi ilikuwa kuwapokea na kuwatibu.

Lakini mila yenyewe usiipunguze uzito. Mato oput si msamaha wa bure, wewe unajua kuliko mimi. Lazima upande uliomwaga damu ukiri. Ukoo mzima unachangia fidia, culo kwor, hata yule ambaye siku hiyo alikuwa shambani kwake. Ndipo pande mbili zinapoinama kwenye kibuyu kimoja wanywe maji ya mzizi mchungu. Uchungu ule umewekwa kwa makusudi. Na fidia ile inawaambia wenye maiti kwamba mtu wao alikuwa mtu.

Kesi iliyonifikirisha sana ni ya Dominic Ongwen. Alitekwa akiwa na umri wa karibu miaka tisa, yuko njiani kwenda shule. Akakulia msituni, akapanda hadi akawa kamanda. Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu kule The Hague ilimtia hatiani kwa makosa 61, ya mashambulizi ya kambi za wakimbizi wa ndani kama Lukodi na Abok, na ya wasichana waliogawiwa kama mali. Makosa hayo aliyafanya akiwa mtu mzima. Mawakili wake waliomba mila ya Kiacholi iingizwe katika adhabu, majaji wakakataa. Mei mwaka huo akapewa miaka 25. Kifungo cha maisha kiliwezekana, na majaji walieleza kwamba kutekwa kwake utotoni ndiko kulikowafanya wasifike huko.

Wako waliosema miaka 25 ni mingi kwa mtu aliyeibiwa akiwa mtoto. Wako wa Lukodi waliosema ni michache. Mimi naona majaji walifanya lililopasa: walimtazama mtoto wa njiani, wakawatazama na waliochomwa ndani ya nyumba zao, hawakumfuta hata mmoja. Ninalolilalamikia ni kwamba yule mtoto wa miaka tisa hakulindwa na mtu siku ile, na kwa hilo hakuna aliyepandishwa kizimbani.

Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba mila inatosha pale muuaji alipokuwa mtu mzima na wenye maiti wanataka kusikia mashtaka yakisomwa. Wakitaka mzizi mchungu baada ya mahakama, wanywe. Chaguo liwe lao, afande. Sisi tuliopo pembeni tusiwaharakishe.

*Mama, mimi ni mwalimu wa sekondari Jinja. Nina mwanafunzi wa kidato cha pili (S2), miaka 15. Amekutwa na kisu ndani ya begi mara mbili, na ameandika kwenye daftari kwamba atamuua baba yake wa kambo. Mkuu wa shule anataka afukuzwe kesho kutwa. Naona huruma lakini nawaogopea wengine.*

*Mwalimu, Jinja*

Mwalimu, kuogopa kwako ni haki, na kisu lazima kitoke shuleni leo. Lakini mkimfukuza mnamrudisha kwenye nyumba ile ile aliko baba wa kambo, bila mtu wa kumtazama mchana kutwa. Mwombe mkuu wa shule amsimamishe masomo badala ya kumfukuza, na asikabidhiwe nyumbani mpaka mambo matatu yafanyike.

Piga 116, namba ya bure ya kuripoti habari za watoto, uwaeleze ulichokisoma kwenye daftari. Nenda kwa afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya, umtake afike nyumbani kwao, kwa sababu mtoto wa miaka 15 anayeandika hivyo mara nyingi kuna kitu anafanyiwa, au anamwona mama yake akifanyiwa. Na aonwe na daktari wa akili. Hospitali ya rufaa ya hapo Jinja ina kitengo hicho, hamna haja ya kuanzia Butabika, hospitali ya taifa ya maradhi ya akili.

Daftari lihifadhi, usilichane wala usilisome mbele ya darasa. Kabla ya yote hayo, keti naye leo baada ya vipindi, mlango ukiwa wazi na mwalimu mwenzako akiwa karibu. Usianze na kisu. Mwulize jana usiku alilala wapi.